Stata inapiga, injini haiwaki: Nani analipia kubahatisha?

MAKALA MAALUMU
Na Mwandishi Wetu, Tukuyu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, msimu wa masika, Kawetele. Mvua iliyoanza usiku imepungua, yamebaki manyunyu. Ukungu umetanda juu ya migomba, na chini ya bati la kibanda ambacho bado hakijafunguliwa, dereva wa bodaboda ameinamia pikipiki yake.

Anabonyeza stata. Injini inazunguka vizuri, kwa nguvu, lakini haishiki. Anavuta choki, anarudisha choki. Anapiga kiki mpaka jasho linamtoka kwenye baridi ile.

Pembeni yake amesimama mama mwenye madumu mawili ya maziwa. Gari la kukusanya maziwa halimsubiri mtu. “Mwanangu, nitafute mwingine?” anauliza kwa upole. Kijana anamwomba dakika mbili. Zinapita, na madumu yanafungwa kwenye pikipiki nyingine.

Wenzake wa kijiweni wamekwisha kumzunguka. Mmoja anasema ni koili. Wa pili anakataa, anasema hiyo ni CDI, kisanduku kinachoongoza moto wa plagi. Wa tatu anataka kabureta ifunguliwe, na wa nne analaumu betri. Kwa muda usiotosha hata kunywa chai, kijana ana majibu manne mkononi, na kila jibu lina bei yake kwenye duka la spea. Plagi bado haijachomolewa.

Hali hiyo hujirudia vijiweni Tukuyu kila mvua zinapokolea. Hasara kubwa, mara nyingi, haitokani na kilichoharibika. Inatokana na vifaa vizima vinavyotolewa na vipya vinavyonunuliwa kabla mtu hajajua ugonjwa ni upi.

Uchumi wa milima na tope

Kawetele ni kata ya mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Lami ya kutoka Uyole kwenda Kasumulu, mpakani na Malawi, inapita mjini. Lakini mali ya Rungwe haizaliwi kando ya lami. Chai, parachichi, ndizi, viazi na maziwa vinatoka ndani, kwenye njia za udongo zinazopanda na kushuka mabonde, katika eneo ambalo mvua zake kwa mwaka hupita milimita 2,000.

Kanuni za mwaka 2010 zilizoruhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa malipo zilikuta kazi yenyewe imekwisha kuanza. Mkungu wa ndizi, mwanafunzi, mfuko wa mbolea, mjamzito anayewahishwa hospitali ya wilaya pale Makandana usiku wa manane: vyote viko juu ya tairi mbili. Pikipiki ikigoma hapa, hakuna daladala ya kupungia mkono katika njia nyingi za vijijini.

Zilizo nyingi barabarani ni Boxer na TVS za Kihindi, pamoja na za Kichina za majina mbalimbali. Nyingi za Kichina zimerithi injini ya Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Honda waliiunda kwa ajili ya nchi kama zetu, baada ya kuona pikipiki zao za awali zinavyotumika huku: mzigo mzito, oili isiyobadilishwa kwa wakati, ea klina isiyoguswa mwaka mzima. Wakaacha mnyororo wa kuzungusha kemshafti ya juu, wakatumia fimbo za kusukuma valvu kutoka chini. Ikawa injini ya kuvumilia kupuuzwa, na inayorekebishika kwa spana chache.

Boxer na TVS zina mpangilio mwingine wa valvu. Ila kanuni ya kuwaka ni ile ile kwa zote. Injini ikishazunguka, inataka vitu vitatu: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kipimo, moto wa plagi kwa wakati wake, na kompresheni ya kuubana mchanganyiko huo. Stata ikipiga na injini isiwake, basi kimoja kati ya hivyo hakipo au kimekuja vibaya. Kazi yote ni kujua kipi, na kukijua kwa kupima.

Hesabu haisubiri fundi

Madereva wengi hawaendeshi mali yao. Wako kwenye mkataba: bosi ananunua pikipiki, kijana anapeleka hesabu ya kila siku au kila wiki, na muda waliokubaliana ukiisha chombo kinakuwa chake. Petroli ni ya dereva. Matengenezo madogo, kwa kawaida, ni ya dereva. Makubwa ndiyo yanayoleta maneno.

Sasa, pikipiki isiyowaka ni tengenezo dogo au kubwa? Hakuna ajuaye mpaka ipimwe. Ikiwa ni maji kwenye kabureta, ni dogo na linaisha bila senti. Ikiwa ni ringi zilizokwisha, ni la mwenye mali. Katikati hapo kuna eneo la mashaka, na mashaka hayo hula uhusiano wa watu. Bosi anaposikia “imegoma” kwa mara ya tatu ndani ya mwezi, anaanza kuhisi anakimbiwa hesabu. Dereva naye anahisi aliuziwa mkataba wa chombo kilichochoka.

> Ikiwa ni maji kwenye kabureta, tatizo linaisha bila senti. Ikiwa ni ringi zilizokwisha, ni la mwenye mali. Katikati hapo kuna mashaka.

Kwa hiyo vipimo vya asubuhi, vile vya dakika kumi, havisaidii injini tu. Ndiyo ushahidi wa kwanza katika shauri la nani alipe.

Plagi kwanza, maneno baadaye

Mafundi wazuri wana mazoea yanayofanana: hawaanzi na spana. Wanaangalia ufunguo, wanaangalia swichi nyekundu ya kuzimia kwenye usukani. Katika pikipiki nyingi swichi hiyo hukata moto wa plagi lakini stata inaendelea kupiga kama kawaida, na abiria au mtoto aliyechezea usukani huigusa bila mtu kujua. Wanaangalia koki ya petroli: iko wazi, au ilifungwa jana usiku? Wanatikisa tangi wasikilize. Ikiwa mafuta ni machache wanageuza koki kwenye riziva. Ni mambo ya aibu kuyataja mbele ya kundi, na ndiyo maana huyasikii yakitajwa kijiweni.

Kisha plagi. Spana ya plagi ni kipande cha chuma cha bei ndogo kuliko karibu kila spea itakayotajwa asubuhi hiyo, na kila dereva anapaswa kuwa nayo chini ya kiti.

Ichomoe, iangalie kwenye mwanga, inuse. Kama imelowa petroli, basi mafuta yanafika: ama moto haupo, ama mafuta yamezidi. Kama ni kavu kabisa baada ya kiki nyingi, mafuta hayafiki, na hapo anayekuambia ununue CDI anakupoteza. Kama imejaa masizi meusi makavu, injini imekuwa ikila petroli nyingi kuliko hewa kwa muda mrefu, na leo plagi imeshindwa.

Baada ya hapo rudisha plagi kwenye kofia yake, ilaze juu ya injini, nyuzi zake za chuma ziguse chuma kitupu, mbali na tundu ilimotoka, maana tundu hilo linatema mvuke wa petroli. Usiishike kwa mkono. Washa ufunguo, piga kiki, tazama kwenye kivuli. Cheche nene ya bluu inayolia ni moto mzuri. Cheche nyembamba ya njano au nyekundu ni moto dhaifu. Usipoona kitu, jaribu plagi nyingine unayojua ni nzima kabla hujamlaumu mtu yeyote.

Kwa macho na pua tu, bila mita wala kompyuta, dereva amekwisha kugawa tatizo katika njia mbili. Iliyobaki ni kufuata moja.

Kijana wa Kawetele, kwa kuvuta choki na kupiga stata mfululizo, huenda alijiongezea tatizo la pili. Choki hupunguza hewa ili mchanganyiko uwe mzito wakati injini ina baridi. Lakini kwa mwinuko wa Tukuyu hewa tayari ni hafifu kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, na kabureta haina akili ya kujua hilo. Inaendelea kumimina mafuta kwa kipimo kile kile. Pikipiki iliyosetiwa Kyela, chini karibu na Ziwa Nyasa, ikipandishwa mpaka Isongole kwenye viazi na baridi, inakuwa inakula mafuta kuliko hewa. Ongeza choki iliyosahaulika, na plagi inalowa chapa.

Dawa yake haina gharama. Funga petroli, rudisha choki, toa plagi, zungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho na piga kiki mara kadhaa injini iteme kilichojaa. Kausha plagi, irudishe, jaribu tena.

Maji chini ya bakuli

Upande wa mafuta ndiko mvua ya Rungwe inakofanya kazi yake. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Ilegeze huku umekinga chupa ya plastiki safi, inayoonyesha ndani. Acha itulie dakika moja.

Petroli safi itabaki ya rangi moja toka juu hadi chini. Lakini kama kuna maji utayaona: yamezama chini, yamejikusanya kwa matone mazito ya mviringo ambayo hayachanganyiki na kitu. Ukiinamisha chupa yanateleza pamoja, na juu yake zinacheza chembe za kutu nyekundu kutoka kwenye tangi. Lita ya maji ina uzito wa kilo moja. Ya petroli ni kama robo tatu ya kilo. Ndiyo maana maji hukimbilia chini, na chini ndiko jeti kubwa ya kabureta inakonyonya. Kijiko kimoja cha maji kinatosha kumfanya mtu mzima ashinde kwa fundi.

Yanaingiaje? Mpira wa kifuniko cha tangi umekatika na pikipiki imelala nje kwenye mvua. Tangi lililoachwa nusu usiku wa baridi linatoa jasho kwa ndani. Dumu lililobebea petroli lilikuwa la maji jana. Na wakati mwingine ni sisi wenyewe, tunapoosha pikipiki kwa mashine ya maji ya kasi na kuyaelekeza kila mahali palipo na tope.

Kifuniko hicho hicho cha tangi kina tundu dogo la kupumulia. Tope likiliziba, petroli inashuka kidogo, kisha inagoma kushuka kwa sababu hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Pikipiki itawaka, itakwenda, itazima njiani, na haitawaka tena. Fungua kifuniko: ukisikia hewa ikivutwa kwa kishindo na pikipiki ikawaka muda mfupi baadaye, umepata mwizi wako.

Petroli isipofika kabisa, chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, fungua koki na uangalie. Ikitiririka vizuri, shida iko mbele: sindano ya boya imenasa au jeti imeziba. Isipotiririka, shida iko nyuma, kwenye koki na kichujio chake, au kwenye tangi lenyewe. Jeti husafishwa kwa kupulizwa. Anayeichokonoa kwa waya anapanua tundu lake, na kuanzia siku hiyo pikipiki itakunywa petroli isiyo ya lazima.

Chupa ya barabarani

Kuna lawama nyingine inayosikika kila mahali: mafuta ya chupa.

Nchi hii inaujua uchakachuaji. Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na bajeti ya mwaka 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mpaka faida ya kuyachanganya ikaporomoka. Vituoni hali ikabadilika sana. Lakini petroli ikishatoka kituoni na kuingia kwenye dumu, halafu kwenye chupa, halafu kwenye meza ya kando ya njia, hakuna anayeifuata tena.

Mafuta ya taa yanaigomesha pikipiki kwa sababu iliyo wazi. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa yanataka joto la nyuzi 38 au zaidi ndipo yatoe mvuke wa kushika. Asubuhi ya Juni Tukuyu, mchanganyiko huo unaingia kwenye injini ukiwa matone badala ya mvuke. Mchana, injini ikiwa ya moto, inawaka bila shida, na dereva anaamini imejiponya.

> Asubuhi inagoma, mchana inawaka. Kabla ya kununua koili, kagua ulichotia kwenye tangi.

Kipimo cha haraka ni karatasi nyeupe. Dondosha tone, lipepee hewani. Petroli inakauka na kuondoka. Mafuta ya taa yanaacha doa la mafuta.

Muuza chupa naye ana hoja, na si ndogo. Dereva wa Kawetele ana vituo mjini, hahitaji chupa. Lakini aliyemshusha abiria ndani huko Mwakaleli au Kandete, koki ikiwa tayari kwenye riziva, hawezi kurudi mjini kwa sala. Chupa ile ndiyo inayomfikisha nyumbani, na mara nyingi aliyeiuza ni jirani anayetafuta ada ya mtoto. Wengi wao huuza petroli ile ile ya kituoni.

Hata hivyo sheria hairuhusu petroli kuuzwa vibandani kwa chupa na madumu, na sababu si ya kikodi pekee: mvuke ule ule unaowasha injini kwenye baridi unafuata jiko la mkaa lililo chumba cha pili. Serikali, kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA, imekuwa ikitoa mikopo nafuu kwa wanaotaka kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini. Huko ndiko jawabu lilipo kwa vijiji vya halmashauri za Rungwe na Busokelo. Kuwakamata wauza chupa bila kuweka kituo kunamwacha dereva na mgonjwa wake katikati ya mlima.

Moto unapopotelea njiani

Tuseme plagi imelowa na haitoi cheche. Umeme wa plagi una safari: unazaliwa kwenye magneti au unatoka kwenye betri, unapita CDI, unaingia kwenye koili, unashuka kwa waya mnene hadi kwenye kofia ya plagi. Kijiweni watu huanza katikati, kwenye CDI na koili, kwa kuwa ndivyo vyenye majina. Fundi makini huanzia mwisho.

Anaizungusha kofia ya plagi mpaka itoke kwenye waya. Mara nyingi ncha ya waya ule imeliwa na unyevu, shaba imegeuka kijani na unga. Anakata nusu sentimita, anapata shaba inayong’aa, anaizungushia kofia upya. Anapiga kiki: cheche ya bluu. Gharama yake ni kisu.

Kisha viungio vya nyaya chini ya tangi na kiti, hasa kama pikipiki imetoka kuoshwa. Kisha nyaya zilizoongezwa baada ya kiwandani. Wamiliki wengine hufunga alamu, au kifaa cha kufuatilia chombo kilipo kinachoweza pia kukata umeme wa injini. Kifaa kikiwa kizima kinamlinda mwenye mali. Kiungio chake kikilegea au kikiingia maji, pikipiki inakosa moto bila hata waya mmoja wa kiwandani kuharibika, na dereva hana ruhusa ya kukigusa. Bosi anayefunga kifaa cha namna hiyo anapaswa kumwambia dereva kipo wapi na nani wa kupigiwa simu.

Betri pia ina hila zake. Katika pikipiki ambazo CDI yake hutumia umeme wa betri, betri dhaifu inaweza kuzungusha stata lakini stata ikavuta nguvu yote, plagi ikabaki bila kitu. Ukiacha stata na kupiga kiki, inawaka. Zile ambazo CDI yake hulishwa moja kwa moja na magneti hazijali betri kabisa. Kiki inatosha hata betri ikiwa imekufa. Kwa hiyo, kabla ya kununua betri, piga kiki.

Vikishafanyika hivyo vyote na moto haupo, ndipo CDI na koili zinastahili kushukiwa. Hapo kijiwe kina utajiri usiotumika: pikipiki za aina moja zimepangwa mstari. CDI ya mwenzako huchomolewa na kurudishwa kwa muda mfupi. Ikifanya kazi kwako, umejua cha kununua. Isipofanya, umeokoa pesa, na ni halali kumwambia mwenzako *ndaga fijo*, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kumnunulia chai.

Fundi naye asikilizwe

Ni rahisi kumtupia fundi mawe. Madereva wanalalamika kwamba wamebadilishiwa vitu vitatu vizima kabla ya kufikia kibovu. Malalamiko hayo ni ya kweli mara nyingi mno.

Lakini tazama namna anavyolipwa. Akifunga koili mpya, anapata ujira wa kufunga. Akikaa saa nzima akipima, akagundua ni maji, akayamwaga, dereva anamwambia “asante fundi, si umemwaga maji tu” na kuondoka. Tumemzoesha fundi kwamba akili yake ni ya bure na mikono yake ndiyo yenye bei. Atakayekuwa na njaa mchana huo atabadilisha kitu.

> Akifunga koili mpya, analipwa. Akigundua ni maji, anaambiwa asante.

Wengi walijifunza chini ya mti, kwa fundi aliyetangulia, bila mita ya umeme na bila geji. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini: fundi anapimwa kwa anachokijua, anajazwa pale penye pengo, anapewa cheti. Ni utaratibu unaowafaa sana vijana wa gereji za Tukuyu, na halmashauri inayotoa mikopo kwa vikundi vya vijana ingefanya jambo la maana kuuambatanisha na mikopo hiyo, pamoja na mita moja ya umeme kwa kila gereji.

Mwenye duka la spea ana sehemu yake. Kifaa cha umeme kikishauzwa hakirudi, na kwa upande wake anaogopa, kwa haki, kurudishiwa kilichounguzwa na fundi. Ila spea feki zimejaa sokoni, na plagi mpya iliyotoka kwenye boksi linalong’aa inaweza kuwa mfu tangu dukani. Tume ya Ushindani inapambana na bidhaa bandia nchini, lakini dereva hawezi kusubiri msako. Anachoweza ni kudai plagi ijaribiwe mbele yake, palepale kaunta au kwa fundi jirani, kabla pesa haijabadilisha mkono. Muuzaji anayekataa hilo amekwisha kujibu.

Nasimama upande wa kulipia kupima. Fundi ataje bei ya kuchunguza, tofauti na bei ya kutengeneza, na ilipwe hata kama ugonjwa ni maji. Itaonekana ni gharama mpya. Kwa dereva anayenunua CDI asiyoihitaji na kukosa hesabu ya siku mbili, ni nafuu.

Inapokuwa kweli ni injini

Kuna siku moto upo, petroli safi inafika, na bado haiwaki. Ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, mwenzako apige kiki. Kidole kisiposukumwa kwa nguvu, kompresheni imeondoka.

Milima ya Rungwe huuficha ugonjwa huu. Dereva aliyeona asubuhi stata haifai, anaanza kulaza pikipiki yake juu ya mteremko. Anaiachia, inashuka, anaachia klachi, inawaka, siku inaendelea. Wiki zinapita. Kwenye tambarare angekwisha kuona kwamba injini inachoka.

Mara nyingine sababu ni ndogo: tapeti zimebana, valvu hazifungi sawasawa. Nafasi inayotakiwa kwenye injini nyingi za aina hii, zikiwa zimepoa, ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, na kuiseti ni kazi ya muda mfupi kwa fundi mwenye geji. Isipokuwa hiyo, anatia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na kujaribu tena. Nguvu ikirudi kwa muda, ringi na sirinda zimekwisha. Isiporudi, uvujaji uko juu, kwenye valvu au gasketi. Hapo injini inafunguliwa, na hapo bosi anapaswa kuwapo, aone kwa macho yake na aondoke na vifaa vilivyotolewa.

Mikataba mingi ya bodaboda haisemi neno kuhusu siku hiyo. Inataja hesabu, inataja muda, inataja kitakachotokea pikipiki ikiibwa. Haisemi nani analipia kuchunguza, haisemi ringi ni za nani, haisemi kama hesabu inaendelea kuhesabiwa wakati injini iko juu ya meza ya fundi. Mistari mitatu ya maandishi ingetosha, nayo inatakiwa iandikwe siku ya kukabidhiana ufunguo, bosi na dereva wakiwa bado wanaelewana.